Maji ya Kusukutua

Mchungaji amenipa nafasi niseme neno kabla hatujakikaribia Chakula cha Bwana, na ameniomba nisirefushe. Nimemjibu kwamba urefu wa neno unategemea uzito wa masikio. Kwa hiyo kaeni sawa. Anayenyonyesha anyonyeshe, anayesinzia asinzie, ila asije kunikamata mlangoni kuniuliza nilisema nini.

Mzee mmoja alikuwa akiishi kando ya mto, na kazi yake ilikuwa kupiga pondo. Jina lake silitaji. Nikilitaja mtaanza kutafuta ukoo wake, na mimi nataka mjitafute wenyewe. Pondo mnalijua, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi pale maji yasipokuwa na kina. Mto wenyewe ni mpana, maji yake rangi ya chai ya maziwa, unapita katikati ya bonde la mpunga, huku matete, kule milima ya buluu. Ni mto mzuri, sikatai. Wageni walikuwa wakitoka mbali kuja kuutazama tu, kama watu wasio na vyombo vya kuosha makwao. Mzee huyu ndiye aliyekuwa akiwateremsha, hasa wale ambao hawajawahi kukanyaga mtumbwi, kwa sababu alisifika kwa jambo moja: hajawahi kumlowesha mtu.

Sasa shikeni desturi ya watu wa mto ule, maana bila hiyo mfano wangu hauna miguu.

Watu wa kule hawapandi mtumbwi mmoja wakiwa na kinyongo. Wanasema kinyongo ni abiria asiyekubali kukaa. Mkifika kwenye kina atasimama, na mtumbwi utapinduka. Kwa hiyo kabla ya kupanda, aliyekosewa huchota maji ya mto kwa kiganja, akayatia kinywani, akayashika. Hamezi, hatemi. Anamtazama aliyemkosea. Yule naye inampasa achote, atie kinywani. Kisha wanatema pamoja pale mchangani, na mkosaji ndiye anayeanza kusema, kwa kuwa kinywa chake sasa ni safi. Wenyewe wanaita kusukutua. Wakisha kusukutua ndipo mguu unapanda.

Mzee wetu alikuwa amewasimamia watu wengi wakisukutua. Wake wenza, mashemeji, ndugu waliogombea mpaka wa shamba. Alikuwa mkali katika hilo. Hakuna aliyepanda mtumbwi wake akiwa na uso wa kununa.

Mzee huyo alikuwa na binti mmoja. Binti alipokuwa mdogo alimsumbua baba yake kila siku ampeleke mtoni, wateremke mpaka pale mto unapojipinda, kwenye mikoche, ambako watu walisema ndege wanafunika miti mpaka majani hayaonekani. Baba alimwambia mtumbwi si mgongo wa mama yake, abaki nyumbani. Binti akabaki. Akakaa ukingoni, akaangalia wengine wanasukutua, wanapanda, wanapotea kwenye matete. Akakua, akaolewa mjini, mto hajaujua.

Akapata mimba ya kwanza, akamwomba mama yake aende kumsaidia uzazi. Mama akaenda. Mtoto akazaliwa salama, akaitwa Tegemea. Na yule mama, kabla mtoto hajafikisha arobaini, akashikwa na kifua, akafa huko huko mjini.

Wakamrudisha kijijini azikwe. Mnajua kaburini palivyo, watu wamejaa, kila mtu anatafuta pa kuweka uchungu wake. Mzee akaupatia mahali wake. Udongo ukiwa bado mkononi, akamgeukia binti yake mbele ya watu wote, akamwambia, "Mama yako alikuja kwako anatembea. Umenirudishia sanduku."

  Binti akamfunga mtoto mgongoni, akarudi mjini, na tangu siku ile hakukanyaga kijijini. Salamu alituma, sukari na chumvi alituma. Yeye hakuja.

Lakini kuna jambo ambalo mzee alilijua peke yake. Kifua kile hakikuanzia mjini. Mke wake alikuwa akikohoa mwezi mzima kabla ya safari, anakaa kitandani usiku ameshika mbavu. Alimwambia mumewe kwamba anaogopa njia. Yeye ndiye aliyemwambia, "Nenda, mtoto anakusubiri, utapona huko huko." Alijua. Na aliposimama kaburini alimtwisha binti mzigo uliokuwa kichwani pake mwenyewe, kwa sababu ulikuwa mzito, na binti alikuwa karibu.

Basi binti akaishi mjini akiamini kwamba amemuua mama yake kwa kumwita. Mtu mmoja tu duniani angeweza kumtua mzigo huo, na mtu huyo alikuwa akipiga pondo kila siku, akiwafundisha wageni namna ya kukaa.

Miaka ikaenda. Mzee akaanza kuchoka. Mifupa ikamwambia kile ambacho mifupa huwaambia watu wa rika langu. Akaamua kumwita binti. Akatuma ujumbe: njoo nikupeleke kwenye mikoche. Hakusema zaidi. Binti akajibu kwamba atakuja, mvua zikikatika.

Ninyi, mngemwona mzee yule alivyoipanga safari. Kwanza aliutazama mto. Alisubiri maji yashuke, mkondo upoe, lakini yasishuke mno mtumbwi ukakwama mchangani. Akateremka peke yake kukagua njia, akaona pale viboko walipohamia, akachagua mkono wa mto unaowazunguka kwa mbali. Ule mtumbwi wake mwembamba wa uvuvi akauacha. Akaazima wa mtani wake, fundi wa kuchonga, uliokuwa na tumbo pana hata mtu akipiga chafya hautikisiki. Akauziba nyufa. Akauanika, akauloweka, akauziba tena. Akasuka mkeka mfupi wa kukalia ili binti asiumie mgongo. Akatafuta jaketi la kuokolea, lile la rangi ya chungwa, akalijaribu mwenyewe majini, mzee mzima, watoto wanamcheka. Akapanga watapumzika wapi: kwanza kwenye fungu la mchanga, halafu kwenye kambi ya wavuvi ambako pana kivuli, halafu mikoche. Akapanga waondoke asubuhi kabla upepo haujaamka. Akampanga hata kijana wa bodaboda awasubiri kule chini, ili binti asirudi kwa kupanda mkondo akachoka.

Yule mtani wake alikuwa akimtazama. Utani wa kwetu mnaujua, mtani anakuambia lolote na hukasiriki. Siku moja, watu wamekaa pale gatini, mtani akamuuliza, "Wewe, unamsafirisha mwanao au unasafirisha mayai?"

Watu wakacheka. Mtani akaendelea, anamenya muhogo wake taratibu. "Naona umepakia mkeka, umepakia jaketi, umepakia na kata ya kuchotea maji. Na ule mdomo uliofunguka kaburini, umeupakia, au utausahau nyumbani?"

Watu wakacheka tena, na mzee akacheka kuliko wote. Ubaya wa utani ndio huo. Ukweli ukija umevaa utani, mtu anacheka, na akisha kucheka anajiona amekwisha kuujibu.

Hata hivyo lile neno lilimwingia. Akasema moyoni: nitalisema. Nitalisema tukifika kwenye fungu la mchanga. Maana neno nalo alilipangia kituo, kama chai.

Siku ikafika. Binti akashuka na mfuko mdogo, amejifunga kitambaa kichwani kama alivyokuwa akijifunga marehemu mama yake, fundo kwa nyuma. Akapiga goti, "Shikamoo, Baba." Akaitikia, "Marahaba, Mama Tegemea. Mtoto hajambo?" Hajambo. "Na mwenzako?" Hajambo. Wakateremka gatini wanazungumza habari za njiani.

Mzee akamfundisha. Ingia katikati, usikanyage ubavu. Kaa chini, nyosha miguu. Ukiogopa usishike kingo, shika magoti yako. Ukiona kitu kizuri upande huu, geuza shingo, usigeuze mwili. Alifundisha vizuri. Binti alisikiliza, akavaa jaketi, akafunga kamba.

Kisha binti akavua viatu. Akaenda kwenye maji, akainama, akachota kwa kiganja. Akatia kinywani. Akamgeukia baba yake, mashavu yamejaa, akamtazama.

Mzee aliona. Msiseme hakuona. Alikuwa amesimama na pondo mkononi, maji yanamgusa vifundo vya miguu. Kilichotakiwa ni kuinama tu. Alikuwa ameinama mara nyingi wiki ile, kuziba nyufa, kutandika mkeka. Mgongo haukuwa na shida.

Akasema, "Panda, Mama Tegemea. Upepo utatukuta."

Binti akasimama vile vile. Ndege mmoja, yangeyange, akapita mbele yao, anachagua pa kukanyaga. Kisha mzee akaliona koo la binti linapanda na kushuka. Akameza. Maji yale ya mto, yenye tope, akayameza. Akaingia mtumbwini, katikati, pale pale alipofundishwa, na mtumbwi haukutikisika hata kidogo.

Wakateremka.

Sasa mpiga pondo anasimama nyuma, na abiria anakaa mbele ameelekea anakokwenda. Kwa hiyo safari nzima mzee alikuwa akitazama kile kitambaa na lile fundo. Uso hakuuona. Wako watu ambao jambo hilo lingewasaidia, maana ni rahisi kuuambia mgongo kuliko kuyaambia macho. Yeye alifungua kinywa aseme, na kilichotoka kilikuwa, "Usiegemee kushoto."

Wakafika kwenye fungu la mchanga. Binti akauliza habari za mdiria, yule ndege anayesimama hewani kabla hajajitupa majini. Mzee akamweleza mdiria wote. Neno akalisogeza mpaka kambi ya wavuvi. Kambini wakala samaki na ugali, wavuvi wakaja kusalimia, pakawa na watu. Akalisogeza mpaka mikocheni. Mikocheni ndege walikuwapo kweli, weupe, wamefunika miti kama nguo zilizoanikwa, na binti akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti ndogo kwamba mama angependa kuona hivi. Mzee akajibu kwamba mwaka huu wamepungua kidogo.

Mnamchukia? Msimchukie haraka. Kila mmoja wetu humu anaye mdiria wake wa kumweleza.

Jua likapinda, wakafika mwisho. Bodaboda alikuwapo, amewahi. Safari ilikwenda vizuri kuliko safari zote alizowahi kufanya mzee yule. Hakuna aliyelowa. Binti akavua jaketi, akalikunja, akaliweka juu ya mkeka. Akasimama mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, akamtazama baba yake kwa mara ya pili siku ile.

"Baba," akasema, "nilidhani umeniita kuniambia kitu."

Na mzee akamwambia, "Angalia usiteleze. Hapo pana tope."

Binti akaangalia asiteleze. Akapanda pikipiki, akaenda.

Mzee akarudi na mtumbwi peke yake, akiusukuma kupanda mkondo, na njia nzima alilisema lile neno. Alilisema vizuri sana. Aliyaambia matete, aliwaambia viboko. "Mwanangu, mama yako aliondoka kwangu akiwa mgonjwa. Nilijua. Hukumuua wewe." Alimrudishia mtani mtumbwi wake, na mtani akamtazama usoni, na safari hii hakutania. Mzee akajiambia: nitamwambia mwakani, mvua zikikatika.

Kabla mvua hazijaanza, kiharusi kikampiga. Alikutwa ameanguka mlangoni. Upande mmoja ukafa, na ulimi ukafa pamoja nao. Akili ikabaki nzima, na hiyo ndiyo sehemu chungu. Mtasema angeandika. Hakujua kuandika zaidi ya jina lake, na mkono uliolijua jina ndio uliokufa.

Binti akaletewa habari. Akaja na basi la kwanza alilolipata. Hakuuliza kama anastahili kuja. Akaingia, akaweka mfuko chini, akamgeuza baba yake, akamwosha, akambadilisha shuka, akamkorogea uji mwepesi. Siku zikaenda namna hiyo. Alikuwa muuguzi mzuri, hana maneno mengi. Siku moja tu, anamkausha miguu, alisema kama anayejisemea, "Mama nilichelewa. Wewe nimekuwahi, Baba. Sitakubali nikuue na wewe."

Mzee akasikia. Lile jicho lake moja lililokuwa likifunga vizuri likajaa machozi. Akatoa sauti. Ilikuwa sauti ya mtu aliye chini ya maji. Akanyosha mkono wake mzima, akaonyesha kikombe.

Binti akadhani ana kiu. Akamwinua, akamwegemeza kifuani pake, akamwekea kikombe mdomoni. Mzee akavuta maji yakajaa kinywa. Akayashika. Hakumeza, hakutema. Akageuza shingo kwa nguvu zote zilizobaki, akamtazama binti yake machoni, mashavu yamejaa, maji yanavuja ule upande uliokufa, yanateremka kidevuni.

Alikuwa akisukutua. Sasa aliinama.

Na binti, yule aliyesimama mtoni na maji kinywani akiambiwa apande, akachukua ncha ya kanga, akamfuta kidevu. Akamwambia kwa upole, kama anavyoambiwa mtoto, "Meza, Baba. Meza tu, taratibu."

Mzee akaendelea kumtazama. Binti akampapasa koo kwa vidole, kama wauguzi walivyomwonyesha. "Meza."

Akameza.

Akafa wiki ile. Msiniulize kama binti alielewa. Najua tu kwamba alimwambia baba yake kile kile ambacho baba yake alimfundisha. Kaburini hakusema kitu. Watu wakamsifu kwamba amevumilia. Akarudi mjini na mizigo miwili, wa mama uliokuwa si wake, na wa baba.

Haya. Sasa sisi.

Leo hapa kila kitu kimepangwa. Kitambaa cha madhabahuni kimefuliwa, nimekiona, kimepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Kwaya imeshona sare. Maua yapo, viti vimefutwa, na kule nyuma kuna sufuria za pilau zinazonukia mpaka Mchungaji amekosea kusoma tangazo. Sisi ni hodari wa kupanga. Mtu wetu akija tunamtandikia shuka mpya, tunamchinjia kuku, tunamuuliza kama njia ilikuwa na vumbi. Tunampa kila kitu isipokuwa lile neno moja alilolifuata. Mkeka tumesuka. Kinywa tumefunga.

Na yupo, jamani. Yupo kwenye benchi la tatu, au yupo nyumbani amekataa kuja kwa sababu yako. Amechota, ametia kinywani, anakutazama. Amekutazama tangu msiba ule, tangu harusi ile, tangu siku ile uliyofungua mdomo mbele ya watu. Wewe unamwambiaje? Unamwambia panda, upepo utatukuta. Unamwambia ndege wamepungua mwaka huu. Na yeye anameza. Watu wanaomeza hawapigi kelele, ndiyo maana unadhani wamesamehe.

Wengine mnasema moyoni, nitasema baada ya mavuno, nitasema Krismasi tukikutana wote. Mna mkataba na ulimi? Nani kawaambia utawasubiri? Ulimi ni kipande cha nyama, unalala siku unapotaka kulala, na siku hiyo utakuwa na maneno yote kifuani, yamepangika vizuri, na hakuna atakayeyasikia. Mwanao atakufuta kidevu.

Kwa hiyo mimi sisemi "Amina" sasa hivi. Mlango ule pale uko wazi. Chakula hiki hakiondoki, na pilau litapashwa. Mwenye mtu wa kumfuata atoke amfuate, akamwambie, kisha arudi. Asiende na zawadi. Asiende na habari za mdiria. Sisi tutakaa hapa tumsubiri. Mchungaji naye atasubiri, na asipotaka, mwambieni ni mimi niliyesema.

Naona hakuna anayesimama. Mnatazamana.

Haya, mimi nina muda. Ninyi ndio sijui.